Kikohozi Kwenye Santuri

Wasikilizaji wangu, swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu muziki wa klasiki ni hili: nianzie wapi? Wanaouliza huwa wana majina tayari. Bach, Mozart, Beethoven, yupi atangulie? Wengine wameshashauriwa na wajuzi kwamba waanze karne ya 17, wapande polepole, mtunzi baada ya mtunzi, mpaka karne ya 20. Wakifika kwa Haydn wamechoka, wanarudi kwenye dansi, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Jibu langu ni fupi. Mwache mtunzi kwanza, anza na rekodi. Anza na mtu fulani aliyekaa mbele ya kipaza sauti, katika mji fulani, mwaka fulani, akapiga. Mtunzi alituachia karatasi, na karatasi haijawahi kumliza mtu. Anayekuliza ni yule aliyeichukua karatasi ile akaamua: hapa nitakawia, hapa nitakimbia, hapa nitanong'ona.

Katika muziki wetu jambo hili halihitaji mwalimu. Wimbo wa zamani wa taarabu ukirudiwa na kundi jipya, barazani hakukaliki. Nani aliuimba akaumaliza? Kwa nini huyu wa sasa ameuharakisha? Ile fidla ya mwanzo ilipigwa na nani, na mbona safari hii haipo? Watu wanabishana mpaka kahawa inapoa, na wala hakuna anayethubutu kusema kwamba wimbo ni uleule tu. Sasa tazameni tukifika kwa Bach. Ghafla tunakuwa wapole, mikono nyuma, kama tumeingia makumbusho. Mtu anakuambia, "Jana nimesikiliza Bach." Hasemi kapigwa na nani, na wewe humuulizi.

Wala tusidanganyane kwamba muziki wenyewe ni mgeni kwetu. Haleluya ya Handel inaimbwa na kwaya zetu kila Krismasi na kila Pasaka, na wako walimu wa kwaya wanaoijua sauti zote nne kwa moyo. Maharusi wangapi wametoka kanisani kwa maandamano ya Mendelssohn? Na Beethoven, maskini, tumemfanya wimbo wa kusubirishia wateja kwenye simu. Kwa hiyo noti tumezisikia. Waliozipiga ndio ambao hatujatambulishwa, na jioni ya leo nataka niwatambulishe wachache.

Wa kwanza ni Pablo Casals, Mkatalani, mzaliwa wa mji mdogo wa El Vendrell mwaka 1876. Chombo chake ni selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa chini kati ya magoti. Waliokaa mbele kwenye taarabu ya orkestra kule Unguja wameiona, jirani na besi. Akiwa kijana wa miaka 13, Casals aliingia na baba yake katika duka la noti kuukuu huko Barcelona, karibu na bandari, wakitafuta chochote cha kupiga. Humo akakuta kitabu cha misururu sita ya Bach ya selo peke yake, bila piano, bila orkestra, bila mtu wa kuitikia. Kila msururu una utangulizi, kisha ngoma za kale za Ulaya zinafuatana. Wakati ule wapigaji wengi waliihesabu misururu hii kuwa mazoezi ya vidole, vitu vya kufanyia kazi chumbani. Kijana akaenda nayo nyumbani, akaifanyia kazi zaidi ya miaka kumi kabla hajathubutu kuupiga mmoja mzima mbele ya watu.

Kuirekodi kulichukua muda mrefu zaidi. Ilikuwa Novemba 1936, akibakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 60, ndipo alipokaa katika studio za Abbey Road, London, akapiga msururu wa pili na wa tatu. Miezi michache nyuma vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza Hispania. Siku habari za uasi wa wanajeshi zinamfikia, mwenyewe amesimulia, alikuwa Barcelona akifanya mazoezi ya Simfoni ya 9 ya Beethoven. Wakaimaliza sehemu ya mwisho ndipo wakaagana, kila mtu akashika njia ya kwao. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeingia studio.

Na studio ya siku zile haikuwa na huruma. Sindano ilikuwa ikichora sauti moja kwa moja kwenye bamba la nta. Upande mmoja ulibeba dakika nne na ushei, basi. Ukikosea dakika ya nne, bamba halifai tena, unaanza upya kutoka noti ya kwanza. Habari ya kukata kipande kizuri cha asubuhi na kukiunganisha na kizuri cha jioni ilikuja na mkanda wa sumaku, baada ya Vita vya Pili. Alichopiga Casals ndicho tunachosikia, na pumzi zake zimo, na upinde ukikwaruza nyuzi umo.

Fundi mitambo, hebu nipigie ule utangulizi wa msururu wa pili.

Mmesikia unavyoanza? Sauti tatu zinapanda, ya tatu inakaa, kana kwamba inauliza kama kuna mtu. Kisha inateremka na kupanda tena. Hakuna haraka, ila hakuna kulala pia. Kila mstari una uzito wa mtu anayeongea jambo alilolifikiria muda mrefu. Nendeni nayo mpaka mwisho. Pale mwisho Bach ameandika vituo vitano, kila kimoja ni sauti kadhaa zinazolia pamoja, na hakuweka maelezo mengine yoyote. Je, uzipige zilivyo, nzito na tupu, au uzivunjevunje uzipambe? Kila mpiga selo duniani anafika pale na inambidi aamue peke yake. Mkishamsikia Casals, mtafuteni mpigaji mwingine yeyote, mruke moja kwa moja mpaka vituo vile vitano. Ni nusu dakika tu, lakini ndani yake mtajua mnashughulika na mtu wa aina gani.

Misururu iliyobaki aliirekodi Paris, 1938 na 1939. Mwaka huo wa 1939 upande wake, wa Jamhuri, ulishindwa Hispania, naye akaishi uhamishoni Prades, mji mdogo wa Ufaransa karibu na mpaka wa nchi yake. Baadaye, serikali za nchi kubwa zilipomkubali Franco, jenerali aliyeshinda vita vile, aliweka upinde chini na kukataa kupiga mbele ya umma, mpaka mwaka 1950 wenzake walipomfuata hukohuko Prades kuadhimisha miaka 200 tangu Bach afariki. Alikufa Puerto Rico mwaka 1973, ana miaka 96, na Franco yungali madarakani.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Santuri zile za Casals zilitoka na alama ya HMV, yule mbwa anayetega sikio kwenye pembe ya gramafoni. Wazee wetu wa Pwani wanamjua mbwa huyo vizuri sana. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomsafirisha mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad kutoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake zikaenea Afrika Mashariki nzima. Siti naye alikaa mbele ya mitambo ya aina ileile, na nyimbo ambazo usiku wa taarabu zingeachiwa zitembee zitakavyo zililazimika kuingia kwenye dakika chache za upande mmoja wa santuri. Siti binti Saad na Pablo Casals hawakuonana, wala sidhani kama mmoja aliwahi kumsikia mwenziwe. Lakini vikwazo vyao vilikuwa vimoja: nta, saa ya ukutani, na fundi anayeinua mkono kuashiria kwamba muda unakwisha.

Nyuma ya santuri za kampuni ile alikuwapo mtu mmoja ambaye jina lake haliimbwi. Fred Gaisberg, Mmarekani wa Washington, mpiga piano aliyegeuka kuwa msafiri wa kutafuta sauti. Mwaka 1902 pekee, Aprili alikuwa Milano, Italia, katika chumba cha hoteli, akimrekodi mwimbaji kijana aitwaye Enrico Caruso nyimbo kumi kwa pauni 100. Novemba mwaka huohuo alikuwa Calcutta akimrekodi Gauhar Jaan, mwimbaji aliyetikisa Bara Hindi. Kwa Gaisberg hapakuwa na muziki mkubwa na muziki mdogo. Palikuwa na sauti inayoweza kukatika na kupotea, na mashine inayoweza kuizuia. Miaka 34 baadaye ni yeye aliyekuwa na Casals kwenye kazi ile ya Bach. Na ni yeye anayetupeleka kwenye santuri ya pili, ambayo kama mngeniambia nichague moja tu ya kuokoa nyumba ikiungua, ningeibeba hii.

Jumapili, tarehe 16 Januari 1938, Vienna, Austria. Ukumbi wa Musikverein umejaa. Orkestra ya Vienna inapiga Simfoni ya 9 ya Gustav Mahler, na anayeiongoza ni Bruno Walter. Gaisberg na mafundi wake wametega vipaza sauti.

Walter alikuwa mwanafunzi na rafiki wa Mahler. Mahler alifariki mwaka 1911 bila kuisikia simfoni hii ikipigwa, na aliyeiongoza kwa mara ya kwanza, Vienna hapohapo, mwaka 1912, alikuwa Walter huyuhuyu. Mbele kabisa, kiti cha kwanza cha fidla, ameketi Arnold Rosé. Huyu amekuwa kiongozi wa fidla tangu mwaka 1881, na ni shemeji yake Mahler. Alimuoa dada yake. Kwa maneno mengine, pale jukwaani ilikuwa ni kama familia ya marehemu. Walter alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, Rosé pia, na Mahler pia. Walter alikwisha kufukuzwa kwenye majukwaa ya Ujerumani mwaka 1933, Wanazi walipochukua nchi.

Wiki nane baada ya siku ile, tarehe 12 Machi, majeshi ya Hitler yakaingia Austria. Walter alikuwa nje ya nchi; hakurudi mpaka baada ya vita. Rosé, miaka zaidi ya 50 kwenye kiti kilekile, aliondolewa na kukimbilia London, akafia huko mwaka 1946. Binti yake Alma, naye mpiga fidla, alikamatwa na kupelekwa kambi ya Auschwitz, ambako aliongoza orkestra ya wafungwa wanawake mpaka alipokufa mwaka 1944. Wako wanamuziki wengine wa orkestra ile waliofukuzwa, na baadhi yao walifia kambini.

Santuri haijui lolote kati ya hayo. Hiyo ndiyo sababu inanikamata. Ukiisikiliza, kuna watu wanakohoa. Ni majira ya baridi, ukumbi umejaa makoti mazito, na kuna bwana au bibi mmoja ambaye hana adabu kabisa, anakohoa pale hasa ambapo fidla zinashuka mpaka karibu zipotee. Mafundi wa leo wana programu za kompyuta zinazoweza kukifuta kikohozi kile kisisikike tena. Wakikifuta, watakuwa wamefuta mtu aliyelipa tiketi yake Vienna miezi miwili kabla nchi yake haijamezwa. Mimi nasema wakiache.

Fundi, tuwekee mwanzo wa sehemu ya nne, ile ya mwisho.

Hizo ni fidla zote pamoja, mstari mmoja mzito, kisha nyuzi nyingine zinajiunga chini yake kama kwaya inayojua wimbo tangu utoto. Sehemu hii ya mwisho inachukua takriban dakika 18 katika rekodi hii. Wako waongozaji wa siku hizi wanaokwenda zaidi ya dakika 25, wanaivuta kila noti mpaka inakuwa mazishi. Walter hawafanyii wasikilizaji mazishi. Anatembea. Pale wengine wanaposimama kulia, yeye anavuka, na ndiyo maana inauma zaidi.

Sasa angalizo. Ni rahisi sana, mtu akishaijua historia hii, kusikia hofu katika kila noti. Utaambiwa na watu kwamba wapigaji wale "walijua". Mimi sikubaliani. Hali ilikuwa mbaya, na wenye macho waliona wingu, lakini mpiga fidla aliyekaa pale alikuwa anahesabu vipigo na kumwangalia Walter mkononi, maana simfoni hii ni ngumu na orkestra haikuwa ikiipiga kila wiki. Kuna mahali wanateleza kabisa, wanaingia hawako pamoja. Mkiisikiliza na rafiki, mwacheni asikie kwanza. Msimpe habari za Machi wala za Auschwitz. Aikute siku ile kama walivyoikuta waliokuwamo, halafu baadaye, ikiwa ataomba kurudia, mwambieni.

Walter mwenyewe aliirudia. Mwaka 1961, akiwa mzee wa miaka 84 huko California, aliirekodi upya studio, kwa mitambo mizuri ya stirio, bila kikohozi hata kimoja. Sehemu ya mwisho sasa inakwenda dakika 21. Sauti ni safi mno, kila chombo unakiona kilipo. Ni rekodi nzuri, naipenda. Naipenda kama ninavyompenda mtu anayesimulia kwa utulivu jambo lililompata zamani.

Na kwa kuwa tumemtaja Walter, siwezi kumruka Kathleen Ferrier, ingawa saa inanikimbiza. Mwingereza, alianza maisha kama mfanyakazi wa kuunganisha simu katika mji wa Blackburn, na akaja kuwa na sauti nzito ya kike ambayo ukiisikia mara moja huichanganyi na nyingine. Mwaka 1947, mjini Edinburgh, aliimba na Walter kazi nyingine ya Mahler, ule Wimbo wa Dunia, na alipofika mwisho kabisa machozi yakamzuia, maneno ya mwisho hayakutoka. Mei 1952 wakaurekodi Vienna. Ferrier alikuwa anaugua saratani na alikufa Oktoba 1953, miaka 41. Katika rekodi, safari hii maneno ya mwisho yanatoka yote. Tafuteni kipande cha mwisho cha kazi ile, kinaitwa Buriani. Siongezi kitu.

Santuri ya tatu ni dawa kwa wale mnaosema muziki huu ni mrefu, na kwamba hamna saa nzima ya kukaa kitako. Hii inahitaji dakika tano.

Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada. Juni 1955, ana miaka 22, anaingia studio ya kampuni ya Columbia iliyokuwa Mtaa wa 30, New York, katika jengo lililowahi kuwa kanisa. Anakuja na koti zito kiangazi, vidonge vya kila namna, na kiti chake mwenyewe ambacho baba yake alikikata miguu ili akae chini kabisa, pua karibu na vitufe vya piano. Anarekodi kazi ya Bach iliyochapwa mwaka 1741, mabadiliko 30 juu ya wimbo mmoja mfupi, Goldberg Variations kama inavyojulikana. Bach aliiandikia kinanda cha kale chenye nyuzi zinazodonolewa. Gould anaipiga kwenye piano, kwa kasi iliyowashtua watu, kazi nzima dakika 38 na nusu. Santuri ikatoka Januari 1956 na kijana akawa maarufu duniani. Miaka minane baadaye, akiwa na 31, akaacha kabisa kupiga mbele ya watu. Alisema wazi kwamba ukumbi wa tamasha hana haja nao, studio inamtosha.

Mwaka 1981 akarudi studio ileile, kiti kilekile, kazi ileile. Safari hii dakika 51. Ilitoka Septemba 1982. Siku chache baadaye, mara tu baada ya kutimiza miaka 50, akapata kiharusi, akafa tarehe 4 Oktoba.

Wimbo wa mwanzo, kabla ya mabadiliko kuanza, mwaka 1955 aliupiga kwa muda usiofika dakika mbili. Mwaka 1981 ukachukua dakika tatu na ushei. Noti ni zilezile, hakuongeza wala kupunguza. Piga ule wa kijana, kisha piga ule wa mzee, bila maelezo yoyote. Dakika tano hazijatimia. Nimewafanyia hivi watu waliokuwa wamekuja kwangu kwa mambo mengine kabisa, na bado sijampata aliyesema kwamba amesikia kitu kimoja mara mbili. Hata asiyejua piano ina vitufe vingapi anaanza kutoa hukumu. Mwingine anasema yule wa kwanza anaringa. Mwingine anasema yule wa pili ana huzuni, mwingine anasema hapana, ana amani tu. Wakishafika hapo wameshaingia barazani. Hawahitaji tena mwongozo wa kuanza na karne gani.

Na msikilize vizuri, mtamsikia anaimba. Gould alikuwa na tabia ya kuguna wimbo huku akipiga, na mafundi walishindwa kumnyamazisha. Wako wanaokerwa. Jirani yangu mmoja aliniletea rekodi akisema ameuziwa yenye hitilafu, kuna mtu anaongea ndani. Nikamwambia ndiyo, na huyo mtu ndiye uliyemnunua.

Sasa niseme machache juu ya namna ya kupeana vitu hivi, kwa kuwa wapenzi wa muziki huu tuna sifa mbaya na nyingine tumezichuma wenyewe. Kuna mtu ukienda kwake anakuonyesha kabati. Ana Simfoni ya 5 ya Beethoven mara ishirini, anakutajia namba za kwenye jalada na mwaka wa kuchapwa upya, na saa mbili zinapita hujasikia hata noti moja. Huyo anapenda kabati. Mwingine anakupigia simfoni nzima, dakika 80, huku akikutazama usoni kama umeanza kuguswa. Hakuna binadamu anayeguswa akitazamwa hivyo.

Peaneni kitu kidogo. Kipande kimoja, mpigaji mmoja. Usikipeleke kwenye kundi la watu 200 la simu, ambako kitafunikwa na salamu za asubuhi na picha za maua. Mpelekee mtu mmoja unayemjua, na umchagulie yeye. Anayependa solo la gitaa lililotulia mpe Casals. Aliyefiwa usimpelekee Mahler haraka, subiri. Mwimbaji wa kwaya mpe Ferrier. Mtu mwenye haraka na ulimi mkali mpe Gould wa 1955, wataelewana. Na mwambieni asisikilizie kwenye spika ya simu. Selo kwenye spika ya simu inakuwa nyuki. Visikilizi vya kawaida tu vya masikioni vinatosha, na chumba ambacho televisheni imezimwa.

Gharama si kisingizio kikubwa. Rekodi nyingi za kabla ya miaka ya 1960 hakimiliki zake zimekwisha muda barani Ulaya, na nyingi zinapatikana kwenye intaneti bila malipo, ukiondoa bando. Casals wote sita ni kama saa mbili na zaidi kidogo. Pakueni usiku, sikilizeni mchana.

Na kama kuna anayewaambia kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali, mwelekezeni Korogocho, Nairobi, ambako tangu mwaka 2008 mradi wa Ghetto Classics unawafundisha watoto wa mtaa huo fidla, selo na tarumbeta. Watoto wale wakikua watatuletea rekodi zao, na hapo ndipo ubishi wa kweli utakapoanza, maana tutakuwa tunawajua kwa majina.

Wiki ijayo kipindi hiki ni chenu. Niandikieni, lakini nawaombeni msiniandikie kwamba mnampenda Mozart, hilo halinisaidii. Nataka jina la aliyepiga au aliyeimba, mwaka, na ni dakika ya ngapi mlipoacha mlichokuwa mkifanya. Rekodi nitakazopata mapema nitazipiga hewani kwa jina la aliyeleta. Ambaye bado hajawahi kuacha alichokuwa akifanya asiandike kwanza: atafute Gould wa 1955 na wa 1981, wimbo wa mwanzo peke yake, asikilize usiku wa leo.